Mwaka Tuliomwaga Mafuta Mekundu

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, hakuna kitu chekundu kilichoachwa nje mvua zikishaanza. Khanga nyekundu ziliingizwa ndani hata kama hazijakauka. Sweta jekundu la kaka yangu lilifungiwa sandukuni mpaka mwezi wa tano. Jogoo wetu naye, mawingu yakikusanyika upande wa Namanyere, alifukuzwa bandani kabla ya wenzake, akaingia huku akilalamika. Tuliambiwa radi inapenda wekundu kama nzi anavyopenda kidonda. Na mtu aliyekulia Ufipa hahitaji kuhimizwa aiogope radi. Nchi yetu iko juu, miti yake ni ya kutafuta, na mvua ikija unaiona inatembea toka mbali, inakuja kwako.

Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja chekundu ambacho hatukukihesabu kuwa chekundu, nacho ni mafuta ya mawese. Tulikuwa tunayala, na kitu unachokila kila siku husahau kukitazama rangi.

Yaliletwa na mwanamke wa Kipili, kule ziwani, tuliyemwita Mama Zuhura. Alipanda na lori la samaki mpaka Namanyere, akafunga madumu yake kwenye baiskeli ya kukodi, akapita kijiji kwa kijiji akiuza mawese na dagaa. Akifika kwetu alilala kwetu. Yeye alikuwa Mwislamu na sisi Wakatoliki, na Bibi alimtunzia mkeka ambao hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuukalia. Kuku wa kumkaribisha alipewa achinje kwa mkono wake, ili mgeni ale kwa amani.

Huyo Bibi ni Bibi Koleta, mama yake baba. Mama yangu ndiye aliyepika, lakini jiko lilikuwa la Bibi. Yeye ndiye aliyesema maharage yatiwe mawese kiasi gani, na hakuwa mchoyo. Mchuzi wa kwetu ulikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu, na watoto wa nyumba ile ungeweza kututambua shuleni kwa vidole vya njano.

Mwaka ninaousimulia, mvua zilianza kwa hasira. Jirani yetu, Mzee Kasiano, alikuwa ng'ambo ya shamba letu la ulezi, na jiko lake lilionekana vizuri toka kwetu. Alasiri moja radi ililipiga. Tulisikia mlio kama ubao unaopasuliwa, kisha tukaona paa la nyasi linawaka. Maksai wake wawili, waliokuwa wamefungwa kwenye nguzo ya jiko, walikufa palepale wamelaliana. Watu walikimbia na ndoo, na mvua nayo ilikuwa inanyesha, lakini sehemu moja ya jiko iligoma kuzimika. Kila maji yalipomwagwa, moto uliruka juu zaidi. Pale chini palikuwa na dumu la mawese limeyeyuka.

Nakumbuka Mzee Kasiano amesimama na ndoo tupu mkononi. Alisema kwa sauti ndogo, "Mvua inanyesha na haya yanawaka. Haya ni mafuta gani?"

Leo naweza kumjibu mimi, kwamba mafuta yoyote yanayowaka ukiyamwagia maji ndivyo yanavyofanya, hata ya alizeti. Lakini mtu aliyefiwa na maksai wake wote wiki ya kulima hahitaji somo la sayansi. Alihitaji kujua ni kitu gani kilichoiita radi nyumbani kwake, na kitu kilikuwa pale, chekundu, kinawaka kwenye mvua.

Kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa kinamwaga mawese. Baba alitoa la kwetu nje, dumu lililokuwa bado zaidi ya nusu.

"Beatus," Bibi alimwita, "mafuta hayo ndiyo yaliyokulea."

"Najua, mama. Lakini na radi nayo haibishani na mtu."

Bibi alilitazama lile dumu likigugumia kwenye nyasi. Kisha akasema maneno ambayo mama yangu aliyarudia mara nyingi baadaye. "Haya. Ila chakula kikifukuzwa nyumbani hakiondoki peke yake. Kinaondoka na kitu cha mtu."

Tulibaki na mboga za kuchemsha. Mafuta ya dukani yalikuwa ya wenye mishahara, na karanga zilizokuwepo zilikuwa za mbegu. Majani ya maboga yalikuwepo ya kutosha, na matembele, lakini yalichemshwa kwa maji na chumvi basi, tukala na ugali na kumshukuru Mungu. Shibe ilikuwepo. Sikumbuki njaa yoyote mwaka ule, na ndiyo maana kilichotokea baadaye hakuna aliyekihusisha na chakula.

Ilikuwa kipindi cha Kwaresima. Jioni moja nilitumwa kufunga banda la kuku, nikajigonga kwenye kinu. Kinu hicho nilikuwa nakikwepa tangu nijue kutembea. Mama alinikemea, akasema nacheza. Kesho yake nikajigonga tena. Jua likiwa juu nilikuwa naona sindano chini, lakini likianza kuzama, kitu kama moshi kiliingia uani, watu wakageuka vivuli, kisha hata vivuli vikaondoka. Wenzangu walikuwa bado wanakimbizana. Mimi nilikuwa nimesimama nashika ukuta.

Sikusema. Mtoto huogopa kuwa peke yake na jambo, na mimi sikuwa peke yangu. Rafiki yangu Sesilia, binti yake Mzee Kasiano, alikuwa na moshi uleule. Tulilijua hilo siku moja tuliporudi toka kisimani kwa kuchelewa, kila mmoja akamshika mwenzake mkono ili aongozwe, tukatumbukia wote kwenye mfereji na ndoo zetu. Tulikaa mle ndani ya matope tukacheka mpaka tukaishiwa pumzi. Hata leo, nikikumbuka ugonjwa ule, kitu cha kwanza kinachonijia ni kicheko kile.

Bibi ndiye aliyenigundua. Jioni moja aliketi mlangoni anakula mahindi ya kukaanga, akaninyooshea kiganja cha mahindi bila kusema neno. Mimi na mahindi ya kukaanga tulikuwa hatuachani. Nilikaa karibu naye natazama mbele tu.

"Resti, umeshiba?"

"Nimeshiba nini, Bibi?"

Alichukua mkono wangu, akaniwekea mahindi. Kisha akamwita mama. "Huyu mtoto ana macho ya kuku."

Kwa wazee wetu, hayo ndiyo yalikuwa maelezo. Kuku jua likizama haoni, na mtoto asiyeona jioni amebadilishana macho na kuku. Dawa yake ilijulikana. Inatafutwa ini, linachomwa, mtoto anainamia mvuke wake macho wazi, kisha analila lote. Halafu anasimama mbele ya banda jua likizama na kusema, "Kuku, shika yako, nipe yangu."

Sasa ini kwetu lilikuwa la wanaume. Mbuzi akichinjwa, ini lilipelekwa kwa baba bila mjadala, kama vile mayai yalivyokatazwa kwa watoto, kwamba tutakuwa wezi. Jirani mmoja alipochinja mbuzi wa ubatizo, baba aliletewa kipande chake kwenye sahani. Alikitazama, akakisukuma upande wangu.

"Ale yeye," alisema. "Mimi naona."

Niliinamia mvuke nikatokwa na machozi, nikala, nikawaambia kuku maneno yale kwa adabu zote. Na siku chache baadaye, jioni, niliwaona wanaingia bandani mmoja mmoja. Niliwaona miguu yao. Nilipiga kelele mpaka mama akatoka na mwiko.

Lakini kilikuwa kipande kidogo, na mbuzi wa ubatizo hawachinjwi kila Jumapili. Mwezi ulipokuwa unaelekea kwisha, moshi ukarudi. Safari hii watoto wengine watatu wanne nao walikuwa wanapapasa kuta, na watu wakaanza kulisema jambo lile kwa sauti ya chini.

Aliyelisema kwa sauti ya juu alikuwa Mzee Kasiano. "Yule mwanamke wa ziwani kasikia tumemwaga mafuta yake," alisema kibarazani kwetu, mbele ya baba. "Biashara imekufa. Kakasirika, kachukua macho ya watoto."

Watu wa mikoa mingine hututania sisi wa Sumbawanga kwa uchawi, na mimi mwenyewe hucheka nao. Lakini mtu akisema neno kama hilo kijijini, na watoto wenyewe wako pale hawaoni, hakuna utani. Nimeona watu wakihama kwa maneno madogo kuliko hayo.

Mama Zuhura, ambaye hakuwa amepita tangu mvua zianze, alikuja bila kujua lolote. Njia ilikuwa matope, baiskeli ameiacha, kabeba dumu moja kichwani na kapu la dagaa mkononi. Zamani watoto walimkimbilia toka mbali. Siku hiyo milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine mbele yake, naye akatembea katikati mpaka kwetu.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi alisema. "Karibu ndani, utue mzigo."

Alikuwa hajaketi sawasawa Mzee Kasiano akafika. Sesilia alikuwa kwetu tangu asubuhi, tumekaa kwenye kona ya jiko tunapukuchua mahindi. Baba alisimama, hakujua asimame upande gani.

"Mama," Mzee Kasiano alimwambia Bibi, "nakuheshimu. Lakini huyu asilale kijijini. Aseme macho ya watoto kayaweka wapi, kisha aende zake."

Mama Zuhura alitutazama mmoja mmoja. Bibi alimweleza yote kwa utaratibu, radi, maksai, mawese yaliyomwagwa, watoto wa jioni. Hakupunguza kitu. Mama Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Pole kwa ng'ombe, kaka yangu," alimwambia Mzee Kasiano. "Mimi nina watoto nyumbani. Wamekula mafuta haya tangu walipoachishwa ziwa. Jioni nawatuma ziwani kuteka maji, wanakwenda na kurudi, hawajajikwaa. Kama nachukua macho, ya kwangu mwenyewe ningeyaacha?"

"Kwenu hakuna macho ya kuku?" Bibi aliuliza.

"Nayasikia huku kwenu juu, mama. Sisi tuna malaria yetu. Hilo la jioni halipo."

Bibi alimtazama, kisha akatutazama sisi kwenye kona. Wakati huo sikuelewa alikuwa anafikiri nini. Baadaye alimwambia mama yangu kwamba alikuwa anahesabu nyuma: wameanza lini kupapasa, na tumeacha lini kula nini. Huku nje mawingu yalikuwa yameshafunga, na ngurumo ya kwanza ikapita juu ya paa.

Akainuka. Akatwaa chungu cha maharage yaliyokwisha kuchemka, akakirudisha kwenye mafiga. "Mama Zuhura, fungua dumu."

"Mama," baba alisema, "mvua hiyo imefika."

"Nimeiona."

"Si ungesubiri ipite?"

Bibi alichukua kisu. Alikata kitunguu. Mafuta yalipoingia kwenye sufuria ya pembeni, ile harufu ikapanda, harufu niliyokuwa nimeisahau, tamu na nzito, na mate yakanijaa mdomoni kabla sijaamua kama naogopa au siogopi. Umeme ulipiga mahali fulani karibu. Kwa nukta moja kila kitu jikoni kilikuwa cheupe, uso wa mama, dumu, kijiko mkononi mwa Bibi. Kisha mlio. Mama alipiga ishara ya msalaba. Mama Zuhura alikuwa anasema jambo lake kwa Mungu kwa midomo tu. Bibi alimimina mafuta kwenye maharage, akakoroga.

Alitupakulia mimi na Sesilia kwanza. "Kula, mke mwenzangu," aliniambia, jina alilonitania nalo. Tukala.

Mvua ilikuwa imeshuka kama ukuta. Mzee Kasiano alikuwa amebaki chini ya upenu, hakutaka kuingia nyumba yenye mawese na hakuweza kuondoka. Alichungulia ndani, maji yanamtiririka.

"Mama, nipe mwanangu."

"Mchukue," Bibi alisema bila ukali. "Au mwache amalize, kisha umchukue."

Baba yake alimtazama Sesilia. Binti alikuwa na mchuzi mwekundu kidevuni na tonge jingine limeshaandaliwa. Sijui ni kitu gani alichokiona pale, maana mtoto aliyemfikiria ameporwa alikuwa anakula kwa raha tu. Mzee Kasiano aliketi kwenye kizingiti, mgongo nje kwenye mvua, uso ndani. Alikaa hivyo mpaka ngurumo zilipohamia upande wa ziwani na maji yakaanza kudondoka moja moja toka kwenye nyasi.

Mama Zuhura alilala kwetu. Alipoondoka aliacha dumu.

Tulikula mawese kila siku, mchana na jioni, na radi ilipiga mara nyingi mwaka ule, ila si kwetu. Moshi wa machoni haukuondoka kwa kishindo. Jioni moja tu niligundua kwamba nimetoka kwa jirani mpaka nyumbani sijashika kitu. Sesilia naye akaja mbio toka ng'ambo ya ulezi, jua likiwa limeshazama, ananipungia mkono, na mimi nikampungia. Tulisimama pale tukipungiana kama wajinga.

Muda si mrefu baada ya hapo Mzee Kasiano alifika na chupa tupu. Hakuomba radhi, na hakuna aliyengoja aombe.

"Mama, kile chakula cha siku ile."

Bibi alimjazia.

"Nitayaweka nje," alisema, "chini ya ndoo. Si jikoni."

"Yaweke unapolala usingizi," Bibi alimjibu, na nilisikia baba akicheka chumbani.

Wengine walifuata kidogo kidogo, kila mmoja na chupa yake na sharti lake. Si wote waliowahi. Katika kitongoji cha pili kulikuwa na mtoto wa kiume ambaye wazazi wake walishikilia hofu yao, surua ikamkuta akiwa bado anapapasa kuta, na jicho lake moja likafunikwa na weupe usioondoka. Nilisoma naye. Nilipomtazama nilijua nimepita karibu na nini.

Nilikuja kupewa jina la jambo lile nikiwa mama. Sasa naishi Mazwi, mjini Sumbawanga, nafundisha shule ya msingi. Nilipompeleka mtoto wangu wa kwanza kliniki, muuguzi alikata ncha ya kidonge laini, akamdondoshea matone mdomoni. Nikauliza ni ya nini. Akaniambia ni vitamini A, kwamba mwili usipoipata macho huanza kushindwa giza likiingia, na ukiendelea kuikosa jicho lenyewe hukauka na kuharibika. Akanitajia inapopatikana: ini, mayai, dagaa, viazi vitamu vya njano, mboga za kijani. "Na mboga hizo mama uzitie mafuta kidogo," alisema, "bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Mawese ndiyo yenyewe, yanayo na ni mafuta papo hapo." Nilicheka peke yangu mpaka akaniuliza kama nina tatizo.

Hivi karibuni nimeanza kuona taa za pikipiki zikiwa na miale, na daktari wa macho akaniambia ni mtoto wa jicho, bado mchanga. Nilimuuliza, nusu utani, kama nirudi kwenye mawese na ini. Nilimwonyesha pia vidonge ambavyo jamaa mmoja wa stendi aliniuzia kwa kuapa kwamba vinasafisha macho.

"Mwalimu," alisema, "chakula ni mlinzi wa mlangoni, na ni mlinzi mzuri, endelea nacho. Lakini huyu ameshaingia. Yeye hutolewa kwa upasuaji, na ni upasuaji mdogo. Vidonge usivimeze tu kwa sababu jina lake vitamini. Vikizidi vinaumiza, na kwa mjamzito ni hatari."

Nilivirudisha kwenye mkoba. Nilifurahi, kusema kweli. Bibi naye hakuwahi kudai kwamba mawese yanatibu kila kitu. Alidai kwamba tuyale.

Alifariki akiwa mzee sana, akili zake timamu. Likizo moja nikiwa chuoni nilimuuliza kama siku ile hakuiogopa radi. Alikuwa anachambua ulezi, hakuinua uso.

"Niliogopa. Hamkuona kwa sababu mlikuwa mnatazama chungu."

"Uliamini kwamba mafuta yataiita?"

"Niliambiwa hivyo na mama yangu. Kwa nini nisiamini?"

"Sasa kwa nini hukusubiri mvua ipite?"

"Mvua zetu zinapita lini? Ningesubiri ile, ningesubiri na ya kesho. Wewe ulikuwa unapapasa ukuta."

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha ujinga ulioshindwa. Siku hizi sikisimulii hivyo. Waliotufundisha kuwaomba kuku macho ndio waliotufundisha kula ini, na Mzee Kasiano aliyemwogopa mama wa watu alikuwa mtu mwenye huzuni ya maksai wake na mtoto asiyeona. Bibi aliamini yote waliyoamini wao. Alikuwa na hofu ileile, chini ya paa lilelile. Ila aliitazama hofu yake, akanitazama na mimi, akaona ni nani kati yetu hawezi kusubiri.